Tupeane uzoefu: Usalama vijijini Uingereza, ni kweli hakuna wizi au tunadanganyana?

Mwana wa Kilosa (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Leo mdogo wangu kanipigia kutoka Moro ananiuliza, "Kaka, huko kijijini mnalala milango wazi?" Nikacheka peke yangu, nikakumbuka wiki yangu ya kwanza.

Nipo Lincolnshire, kijiji cha watu kama mia nne. Kanisa moja, baa moja, basi la mwisho saa kumi na moja na nusu jioni. Nilikuja Februari 2023, kazi ya kuhudumia wazee. Alfajiri ya tatu, giza bado, nikasikia PAA! Nikasema tairi hilo. Kidogo tena, PAA! PAA! Nikajitupa chini kati ya kitanda na ukuta, simu mkononi, 9 mbili za 999 ya polisi nimeshabonyeza. Mwenye nyumba, bibi wa sabini na kitu, anapita koridoni na kikombe chake anajiimbia. Ndiye aliyenitoa uvunguni. Kumbe ni mtambo wa gesi, unategwa shambani ulipuke wenyewe kufukuza njiwa. Kwetu kuamia ndege ni kazi ya mtoto mwenye kombeo, wenzetu wameajiri bomu.

Sasa aliyekaa kijijini, siyo London wala Leicester, atuambie. Wizi upo? Polisi wapo? Na sisi weusi tunakaaje? Tiririkeni.

Ngedere Mstaarabu
Nimeweka kigoda, nasubiri wenye kujua.

Mama Tausi
Bado hujasikia mbweha jike mwezi wa Januari. Utaapa kuna mtu anachinjwa nyuma ya nyumba.

Shemeji wa Kakamega
Wizi uko, lakini si ule umezoea. Mimi niko Herefordshire. Huku bomba la gesi halijafika, kila nyumba ina tangi la plastiki la kijani hapo nje, ndani ni mafuta ya taa. Ndiyo, mafuta ya taa yale yale ya koroboi, lita elfu moja na zaidi, ndiyo yanapasha nyumba joto. Bei ilipopanda 2022 baada ya Urusi kuingia Ukraine, lile tangi likawa kama benki.

Asubuhi moja ya Novemba nafungua mlango wa jikoni, napokelewa na harufu ya stovu ya mama yangu. Walahi nilisimama hapo nusu dakika nikifurahi. Nilikuwa nimerudi Kakamega, nangoja uji. Halafu nikaona majani chini ya tangi yamelowa, na tundu la ukubwa wa kidole. Walitoboa, wakaingiza mpira, wakajaza yao, yaliyobaki wakayaacha yamwagike. Mbwa wa jirani hakubweka hata mara moja. Mafuta nilinunua mengine. Kilichoniuma ni udongo: ikabidi uchimbwe ubebwe wote, na bima tukavutana miezi mitano.

Kuna mtu anajua geji ile ya kupiga kengele kwenye simu mafuta yakishuka ghafla inauzwa ngapi?

Fundi Seremala
Nakazia hapo kwa Shemeji. Kwetu hawakugusa nyumba ya mtu, walibeba risasi ya kanisa.

Ngedere Mstaarabu
Risasi? Padri ana bunduki??

Fundi Seremala
Risasi madini, bwana. Makanisa ya kale huku yameezekwa kwa risasi, inakunjwa kama karatasi nene, na ina bei. Tangu sheria ya 2013 wanunuzi wa chuma chakavu hawaruhusiwi kulipa taslimu, lakini wezi wanajua pa kupeleka. La kwetu ni la karne ya 14. Hakuna aliyegundua mpaka mvua ya Jumapili ilipoanza kudondoka juu ya kinanda. Sasa hivi lina turubai la buluu kama kibanda cha samaki.

Mkazi wa Mbagala
Yaani mnajaza ukurasa kwa mafuta ya taa na mabati? 2022 huku Dar genge la Panya Road walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba na mapanga. Nyumba yangu ina nondo dirishani, chupa juu ya ukuta, na bado nalala jicho moja. Nyie mnaibiwa na wastaarabu.

Mama Tausi
Aliyekulazimisha kusoma nani? Mada inasema vijijini Uingereza.

Mkazi wa Mbagala
Mabeba boksi mna hasira sana.

Hesabu Hazidanganyi
Nisaidie kidogo kwenye takwimu. Tovuti ya polisi, police.uk, ukiingiza postikodi inakupa ramani ya makosa mwezi kwa mwezi. Watu wanaisoma vibaya. Kwanza, alama haiwekwi kwenye nyumba yenyewe, inasogezwa kwenye sehemu ya jirani kulinda siri, ndiyo maana inaandikwa "karibu na". Ukiona alama mbele ya mlango wako usihame. Pili, kiwango kinahesabiwa kwa kila watu 1000. Kijiji cha mleta mada kina watu 400. Akija kijana mmoja na gari usiku mmoja akafungua vibanda sita vya bustani, hayo ni makosa 15 kwa kila 1000. Mwaka uliotangulia ilikuwa sifuri. Gazeti litaandika uhalifu umelipuka, kumbe ni mtu mmoja na mkasi wa kukatia kufuli.

Hasara yenyewe iko mashambani. NFU Mutual, bima ya wakulima, walikadiria wizi wa vijijini 2023 uligharimu pauni milioni 52.8 Uingereza nzima. Trekta, pikipiki za magurudumu manne, na vile vifaa vya GPS vinavyoongoza trekta. Kifaa kidogo, unakitia kwenye begi la mgongoni, mkulima anabaki na mashine ambayo haijui pa kwenda.

Mzee wa Kahama
Vijana, Neighbourhood Watch, yaani majirani kulindana, ya kwanza Uingereza ilianzia kijiji cha Mollington, Cheshire, 1982. Miaka hiyo hiyo kwetu Usukumani sungusungu ndiyo wanaanza. Wenzetu walibandika stika dirishani, sisi tukachukua mishale.

Ngedere Mstaarabu
Na stika ilifanya kazi?

Mzee wa Kahama
Stika haifanyi kitu. Anayefanya kazi ni yule bibi nyuma ya pazia.

Dada Rehema
Mzee wa Kahama umenigusa. Hilo la bibi nyuma ya pazia sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mume wangu. Eneo sitalitaja.

Ilikuwa Desemba, saa kumi na moja jioni, giza tayari totoro. Nilikuwa nazunguka kwa miguu na basi, leseni ya nyumbani imeshapitisha miezi kumi na miwili na mtihani wa hapa nimefeli mara moja. Mteja wangu bibi wa miaka themanini na tisa, nyumba ya mwisho kwenye njia ya shamba, hakuna taa ya barabarani hata moja. Wenye kazi yetu ya kuhudumia wazee majumbani mnajua kile kisanduku cha ufunguo kando ya mlango, kinachofunguliwa kwa namba nne za siri. Nimeinama, simu nimeibana kwapani inimulikie, vidole vimekufa ganzi, nakosea namba mara ya pili. Gari jeupe la mizigo limeegeshwa pale, wala sikulijali.

Nikaingia. Jikoni bibi amesimama kwenye sinki, bomba limefunguliwa mpaka mwisho, na mwanaume mwenye kizibao cha njano yuko pembeni na faili. "Sisi ni wa maji, tunapima presha, mwambie asifunge bomba." Sinki limejaa, maji yameanza kuchuruzika sakafuni, nayasikia kwenye soksi. Nikamwomba kitambulisho, akanionyesha upesi upesi kama karata. Hapo nikasikia ubao unalia juu. Chumba cha bibi kiko juu.

Kiingereza kilinitoka chote. Nikapiga kelele kama namwita mdogo wangu aliyepanda mwembe wa watu: "WEWE! SHUKA CHINI SASA HIVI!" Na akashuka! Mkononi ana foronya ya bibi, ndani vitu vinagongana. Wakanipita wote wawili, mmoja akanisukuma nikaangukia jiko, gari likaondoka bila taa.

Nikapiga 999. Kabla polisi hawajafika akaja jirani, mbwa na tochi. Hakumuuliza bibi kitu. Alinimulika mimi usoni: "Wewe ni nani?" Baadaye nilionyeshwa kundi la WhatsApp la kijiji. Ipo picha, mgongo wangu, nimeinama mlangoni, na maneno, "Mwanamke mweusi anachezea kisanduku cha ufunguo." Lile gari lilikaa pale dakika ishirini nzima, hakuna aliyeandika neno. Wanaume wenye vizibao vya njano ni watu wa kawaida.

Polisi walifika baada ya dakika arobaini. Bibi yangu ana ugonjwa wa kusahau. Askari akamuuliza taratibu, kwa adabu kabisa, "Huyu unamfahamu?" Bibi akanitazama vizuri, akasema, "Ndiyo. Huyu ni wa maji."

Nilikaa ndani ya gari lao nusu saa na soksi mbichi mpaka ofisi ikatuma ratiba yangu ya siku.

Mama Tausi
Pole mdogo wangu jamani. "Huyu ni wa maji"! Sijui nicheke au nilie.

Mkazi wa Mbagala
Chai hii. Tena ya rangi. Mwizi wa Kizungu anashushwa kwa Kiswahili?

Dada Rehema
Mwizi akifokewa hahitaji mkalimani.

Hesabu Hazidanganyi
Siyo chai. Mbinu ya "fungua bomba usifunge" ni ya zamani sana huku. Mmoja anamshika mzee jikoni, mwingine anapekua vyumba. Wanatafuta nyumba za wazee kwa makusudi, na kile kisanduku cha ufunguo kinawatangazia kwamba ndani kuna mtu asiyejiweza.

Kidume cha Tanga
Ningekuwa mimi wangetoka na alama. Panga uvunguni, mambo kwisha.

Mzee wa Kahama
Ukafungwe wewe. Ulizia Tony Martin, mkulima wa Emneth Hungate, Norfolk. Agosti 1999 waliingia wezi usiku, akawapiga bunduki, mmoja akafa, kijana wa miaka 16. Mkulima akahukumiwa kwa kuua kwa kukusudia, rufaa ya 2001 ikaipunguza kuwa kuua bila kukusudia, akatoka 2003. Sheria inakuruhusu kujilinda kwa nguvu ya kiasi, siyo kumfukuzia mtu risasi.

Ngedere Mstaarabu
Risasi ya kanisa au ya bunduki?

Kidume cha Tanga
Mkulima wa watu aliibiwa mara ngapi kabla ya hapo? Polisi walikuwa wapi?

Mzee wa Kahama
Na bunduki yenyewe hakuwa na kibali nayo. Nimemaliza.

Mwana wa Kilosa
Wakuu, turudi kwenye mada, tupeane na ushauri.

Mtu wa Watu
Ushauri wangu: usijitie polisi. Ukitoa taarifa jina linaingia kwenye mfumo, kesho kibali kinaguswa.

Hesabu Hazidanganyi
Acha kupotosha watu. Kuibiwa hakumfutii mtu kibali. 999 kama mwizi yupo sasa hivi, 101 kama ameshaondoka. Chukua namba ya taarifa, bima haitakusikiliza bila hiyo.

Fundi Seremala
101 utasikiliza muziki mpaka uukariri. Nunua mbwa.

Mama Tausi
Mbwa naye anaibwa, mpaka 2024 wakatunga sheria yake. Washa taa ya nje usiku kucha.

Shemeji wa Kakamega
Taa yangu ya nje ndiyo iliwamulikia wale wakatoboa vizuri. Mimi nasema zima. Na kuhusu ile geji?

Binti Pangani
Mimi naona dawa ni kusalimia. Nilipofika Devon nilipita kila mlango, good morning, good morning, mpaka kwa farasi. Nikanunua mayai kwenye lile sanduku la barabarani lisilo na mwenyewe, unaweka sarafu kwenye kopo unachukua trei. Mwezi wa tatu hakuna aliyenikodolea macho.

Kidume cha Tanga
Uombe ruhusa ya kuishi kwa kununua mayai?

Binti Pangani
Nakula mayai, sijaomba kitu.

Juma Nne
Kusalimia kuna mipaka lakini. Agosti 2024, baada ya watoto watatu kuuawa kwa kisu Southport na uvumi kwamba muuaji ni mkimbizi, watu wakachoma moto kwenye hoteli ya wakimbizi kule Rotherham, mimi nilikaa ndani siku nne na kijiji chote nakijua kwa jina. Hakuna aliyenifanya kitu. Lakini nilikaa ndani.

Mama Tausi
Nami pia. Nilimwambia bosi nina mafua.

Mwana wa Kilosa
Na baada ya mavuno, mkikuta gari la 4x4 katikati ya shamba, watu na mbwa wembamba, msitoe simu kupiga picha. Wanakimbiza sungura na kuwekeana dau. Imekatazwa kwa sheria ya 2004, 2022 wakaongeza adhabu, na wenyewe wakorofi kweli. Mkulima wa hapa aliwasogelea, wakaligonga geti lake kwa gari.

Ngedere Mstaarabu
Sungura naye na ujanja wake wote kafika huko anakimbizwa na mbwa.

Binti Pangani
Dada Rehema, ulirudi kwa yule bibi?

Dada Rehema
Kesho yake saa mbili asubuhi. Bibi hakumbuki kitu, ananiuliza sakafu imelowa kwa nini. Mlangoni nikakuta mayai sita ya bata kwenye bakuli, hayana karatasi. Kijiji kizima mwenye bata ni mmoja, yule aliyenimulika na tochi. Picha hakuifuta, bado ipo kwenye kundi.

Kidume cha Tanga
Ungemrudishia mayai yake.

Dada Rehema
Nilimchemshia bibi mawili. Manne nikaenda nayo nyumbani, watoto walikuwa hawajawahi kuyaona.

Ngedere Mstaarabu
La bata linachemshwa dakika ngapi?

Dada Rehema
Kumi hivi, ni kubwa.

Shemeji wa Kakamega
Jameni, geji ya tangi. Nimeuliza tangu jana.