Mwanangu anataka kunilaza nyumba ya maji ya moto Japani. Nitajistiri vipi?

MamaRama_Ngamiani:

Assalaam aleikum wanajamvi, na wasio Waislamu nawaamkia pia.

Kitindamimba wangu anasoma Beppu, Japani, mwaka wa tatu huu. Dada zake wamenichangia tiketi nikamtembelee. Sasa anasema, "Mama, usiku mmoja nakulaza riokani, nyumba ya wageni ya Kijapani, uoge maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto, magoti yapate nafuu." Nikafurahi mpaka aliponieleza kuwa watu huoga pamoja, wanawake kwao na wanaume kwao, na hakuna nguo. Nikamuuliza, hata kanga? Akasema hata kanga.

Nina miaka 61. Nimezaliwa barabara ya 9, nikaolewa barabara ya 14, na tangu somo aliponisinga siku ya harusi hakuna aliyeniona mtupu ila wakunga. Nikavue mbele ya wageni leo? Na kumkatalia siwezi. Dada yake kaninong'oneza kuwa pesa hizo kazipata kwa kuosha vyombo mkahawani usiku.

Aliyelala huko aniambie ukweli, asinifiche. Chakula je? Nasikia wanalala chini, na magoti yangu ndiyo haya. Presha pia ninayo, natumia dawa.

---

BintiKisosora:

Shikamoo mama. Nilisoma Fukuoka miaka miwili, na kutoka pale mpaka Beppu ni mwendo wa kama saa mbili kwa treni. Nimelala riokani mara tatu, mara mbili zikiwa mtaa wa Kannawa. Utaona mvuke unatoka kwenye mitaro kando ya barabara, utadhani kuna mtu kabandika sufuria chini ya lami.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Mwambie mwanao neno moja: kashikiri. Ni bafu la kukodi, maji yaleyale, ila mnapewa muda wenu, mara nyingi dakika 40 mpaka saa nzima, unaingia unafunga mlango. Riokani nyingine zina vyumba vyenye bafu lake kwenye kibaraza. Aulize sasa hivi anapopanga, asingoje mkishafika.

Mimi mara ya kwanza niliingia bafu la wote. Nilikaa kwenye chumba cha kuvulia nguo karibu robo saa, kikapu mbele yangu, vifungo vya blauzi vimenishinda. Akaingia bibi mmoja wa umri wako hivi. Akavua miwani akaikunja, akavua nguo zake akazipanga kikapuni moja baada ya nyingine kama anayepanga vyombo kabatini, akaniinamishia kichwa, akapita. Macho yake hayakushuka chini ya shingo yangu. Ndani wote walikuwa hivyo, kila mtu na maji yake. Kwao pale hakuna cha kutazama. Lakini dini yetu imeweka mpaka hata baina ya mwanamke na mwenzake, kitovu mpaka magoti, na moyo wangu haukutulia. Mara mbili zilizofuata nilikodi la peke yangu, na huko ndiko nilikoyafaidi maji hasa. Kwa hiyo mama, usimkatalie mtoto. Mwombe kashikiri.

Kuoga kwenyewe kuna utaratibu, na wanaushika sana. Dimbwi si la kujisafishia. Kwanza unakaa kwenye kigoda kidogo mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni, unajisuuza povu lote liishe, ndipo unaingia. Taulo dogo halitumbukizwi majini, wengi hulikunja wakaliweka kichwani. Nywele uzifunge juu.

Presha sasa. Maji huwa digrii 40 mpaka 42, pengine zaidi, kwa hiyo yanachoma kuliko unavyodhani. Jimwagie kwanza kwa ndoo ndogo, miguuni, mapajani, kisha mabegani, mwili upate habari. Dakika tano, utoke ukae ukingoni, urudi kama unajisikia vizuri. Usiingie umetoka kula, na usisimame ghafla, kizunguzungu ndipo kinapokuja. Kunywa maji kabla na baada. Na kabla ya safari zungumza na daktari anayekupa hizo dawa, tafadhali sana.

Mkifika, viatu mlangoni. Mnapewa ndara za ndani, na hizo pia zinabaki nje ya chumba, kwa sababu chini ni tatami, mikeka minene ya majani, haikanyagwi kwa ndara wala haiburuzwi sanduku la magurudumu. Chooni kuna ndara zake nyingine, zisitoke humo. Mtu wa Tanga haya hayamsumbui, mkeka tunauheshimu.

Chumbani utakuta yukata, vazi la pamba linalofungwa kwa mshipi, utatembea nalo nyumba nzima. Upande wa kushoto uje juu ya wa kulia. Mimi nilifunga kinyume. Mhudumu aliyeleta chai akaweka sinia chini, akapiga magoti, akalifungua vazi kwa ncha za vidole juu ya nguo zangu za ndani, akalifunga upya. Hakusema neno. Baadaye ndipo nikaambiwa kuwa kulia juu ya kushoto ni namna wanavyomvisha maiti. Yule dada nilimpenda kwa ile stara aliyonifanyia.

Kulala ni futoni, godoro linalotandikwa juu ya tatami, na wao ndio huja kukutandikia mkiwa mnakula. Kwa magoti yako aombe chumba chenye kitanda, siku hizi vipo vingi, na aombe meza ya chakula yenye viti vya kawaida.

Chakula kimo ndani ya bei, cha usiku na cha asubuhi, na bei huhesabiwa kwa kichwa. Mwisho wa kuondoka huwa saa nne asubuhi. Cha usiku huliwa mapema, saa kumi na mbili au saa moja, msichelewe. Hapa mwanao awe mkali: nguruwe ni rahisi kumkwepa, lakini pombe ya mchele na mirini, ambayo ni pombe tamu ya kupikia, huingia kwenye michuzi ya samaki, mboga, hata mayai. Awaambie siku kadhaa kabla, maana mpishi hupanga vyombo vyote mapema. Wakisema hawawezi, atafute nyumba nyingine. Beppu ina wanafunzi wengi Waislamu, si jambo geni kwao.

---

MzeeWaAmboni:

Mama Rama, maji ya namna hiyo hata hapa kwetu yapo. Chemchemi za Galanos, huku Amboni, zilizopewa jina la yule Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, ni za kiberiti. Marehemu baba alikuwa akinipeleka nikiwa mdogo, nina upele, na harufu yake ya yai viza ninayo puani mpaka leo. Nenda siku moja na wajukuu, chovya mkono tu, ili harufu hiyo ukikutana nayo Beppu isikushtue.

Wajapani wana sheria ya chemchemi tangu 1948. Maji yakitoka ardhini na digrii 25 au zaidi, au yakiwa na kiasi fulani cha madini yaliyotajwa, yanaitwa onseni na yanalindwa. Zetu nazo zilistahili kutunzwa namna hiyo. Inaniuma kila nipitapo.

---

UmmuSalma_Pangani:

Kuna njia nyingine ya Beppu aliyoisahau Binti. Mchanga! Unavaa yukata, unalala, wanakufukia mchanga wenye moto wa maji ya chini mpaka shingoni, dakika kumi au kumi na tano, na hakuna anayekuona mwili. Takegawara ndipo panapojulikana sana, jengo la mbao la mwaka 1938. Ila mchanga ni mzito kifuani, mwenye presha aulize kwanza. Na kuondoa mchanga ni bafuni, uliza kama kuna pa kuogea peke yako.

Kannawa kuna kupika kwa mvuke wa ardhini pia. Unanunua viazi vitamu, mayai, mahindi, kabichi, unaweka kwenye kapu, unafunika, unangoja. Hapo hakuna mchuzi wa kutilia shaka. Viazi vile ni vitamu jamani.

---

MamaRama_Ngamiani:

Marahaba mwanangu Binti. Mungu awazidishie wote. Nimempigia jana usiku, amepata nyumba yenye kashikiri, na chumba kina kitanda. Ameniambia, "Mama, nilidhani hutaki kuja." Nikashindwa kumjibu.

Nilikuwa nimepanga kumbebea machungwa ya Muheza na sambusa za nyama, zitapita? Na hilo bafu la kufungia mlango, je, naweza kuingia na kanga humo?

---

BintiKisosora:

Nyama usibebe mama, hata iliyokaangwa. Uwanja wa ndege wao ni wakali, na matunda mabichi nayo watakunyang'anya. Mpelekee viungo vya pilau vilivyokauka, na utaje kila kitu kwenye fomu.

Kanga usiingie nayo majini, hata ukiwa peke yako, kwa ajili ya atakayeoga baada yako. Jifunge mpaka ukingoni, itundike karibu, ukitoka unaichukua. Jambo la mwisho: kama una bangili za fedha, zivue mapema. Maji ya kiberiti huzigeuza nyeusi. Pete yangu moja iliharibika hivyo, na ilikuwa ya bibi yangu.

---

MamaRama_Ngamiani:

Ninazo mbili, za mama yangu, sijazivua tangu mwaka 1987. Leo tumezitoa kwa sabuni mimi na mjukuu, mkono umebaki na alama nyeupe. Nimempa avae yeye mpaka nirudi.