Mjadala: Malaria imepungua Zanzibar. Je, tuendelee kuigharamia?

Assalamu alaykum wadau. Juzi barazani tulibishana hadi adhana ya isha, na sikuridhika na tulivyoachana.

Ndugu yetu mmoja, mtu wa hesabu, alisema: wenye malaria Unguja na Pemba wamekuwa chini ya asilimia 1 ya watu kwa miaka mingi, na bado tunagawa vyandarua, tunapuliza dawa majumbani, tunamfuatilia mgonjwa hadi mlangoni kwake. Wagonjwa wakipungua, gharama ya kumkinga mtu mmoja inapanda. Wodi zimejaa sukari na presha. Kwa nini fedha zisiende huko?

Hoja nzito, simdharau. Ila hesabu yake inaanzia katikati. Visiwa hivi vilishafika hapa zamani. Miaka ya 1960 DDT, dawa ya kuua mbu, ilipulizwa nyumba kwa nyumba, malaria ikashuka sana, na mwaka 1968 mradi ukasimamishwa. Mbu hawakusimama. Miaka ya 1970 ugonjwa ukarudi kwa kishindo, tukauguza na kuzika watoto hadi dawa ya mseto ya kutibu malaria ilipoletwa mwaka 2003, kisha vyandarua na upulizaji. Hiyo asilimia 1 imeshikiliwa kwa mikono. Kila boti ya Dar inaweza kushusha mtu mwenye vimelea damuni, na mbu wa kuvisambaza tunao.

Tena gharama si ya serikali peke yake. Dada yangu anauza maandazi na chai. Mwanawe aliposhikwa na homa usiku, kipimo hakulipia, dawa hakulipia. Lakini unga alikuwa ameshaukanda. Ukaumuka, ukafurika beseni, ukachachuka, akawamwagia kuku. Banda likafungwa siku nne. Mafundi wa gereji waliokuwa wakinywa chai kwake wakahamia kwa mwingine, na wawili hawajarudi mpaka leo. Hasara hiyo utaikuta kwenye kitabu cha nani?

Wapo wanaotegemea utafiti wa wachumi Gallup na Sachs wa mwaka 2001, kwamba nchi zenye malaria kali uchumi wake ulikua pungufu kwa asilimia 1.3 kwa mwaka. Mimi siuegemei sana, maana umaskini nao huleta malaria, na kuvitenganisha ni kazi. Unga wa dada yangu unanitosha.

Kinachonitia hofu ni mfuko. Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, tuliona wazi ni kiasi gani tulikuwa tunaegemea mkono wa mtu. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipia bima, dola 44 kwa mtu mzima. Basi mgeni kuchangia si jambo jipya. Naona sehemu ya mapato ya utalii itengwe kisheria kwa ajili ya malaria, isiguswe kwa kazi nyingine, hata mwaka ambao wagonjwa ni wachache. Hasa mwaka huo.

Wenye hoteli na watembeza wageni, mnasemaje? Na wewe ndugu yangu wa hesabu, ukiipunguza bajeti hii, utaanza kukata wapi: vyandarua, upulizaji, au ufuatiliaji?