Wakubwa tunaokusanya maroboti ya kuchezea, tupeane uzoefu

Mguu wa Bluu
Wakuu, habari za Jumapili. Jana nilikuwa nahama, natoka Tabata naenda Goba. Kwenye boksi la karatasi za marehemu mzee nikakuta mguu wa roboti. Mguu tu, wa kushoto, skrubu imeliwa na kutu. Nikakaa chini sakafuni, dereva wa kirikuu ananipigia honi huko nje, mimi nimeshika mguu.

Mzee alikuwa baharia. Mwaka 1988 aliniletea roboti linalotembea. Linasimama, kifua kinafunguka, ndani kuna taa nyekundu na bunduki zinalia tatatata, kisha linazungusha kiuno. Lilikuwa linakula mawe mawili makubwa ya redio. Sasa nyumbani kwetu mawe yalikuwa ya taarifa ya habari, si ya mchezo. Kwa hiyo lilitembea Krismasi na Pasaka. Siku nyingine zote nalisukuma kwa mkono, tatatata napiga mwenyewe kwa mdomo. Kaka yangu akalifungua aone kuna nini ndani, ikawa basi.

Leo nina maroboti 61. Mke wangu anayaita wapangaji sugu. Nani mwingine ana ugonjwa huu? Unayapata wapi, na yamekuponza nini?

Karanga za Moto
Nimekaa siti ya mbele.

Robota
Mleta uzi umenigusa. Mimi yalinianzia soko la Karume 2009. Dada yangu anauza nguo za watoto, akaniita tufungue naye robota la mtumba. Katikati ya soksi na vikaptula kukawa na midoli ya kujazia uzito. Dada analia, "Robota bovu hili, nimeibiwa!" Mimi nimeshika lori jekundu, nikalivuta ubavuni, likatoa kichwa. Tangu siku hiyo jina langu nyumbani ni hilo mnaloliona.

Nyayoni kulikuwa na maandishi madogo ya Hasbro na Takara. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba hizi Transformers, maroboti yanayogeuka magari, zilianza 1984, Wamarekani wa Hasbro walipochukua midoli ya Wajapani wa Takara iliyokuwepo tayari, ile ya Diaclone na Microman, wakaipa majina na hadithi mpya. Lile langu nililipata kwa 500. Thamani yake siisemi, wauzaji wa Karume nao wanasoma humu.

Ushauri wangu ni kusoma nyayo kabla ya kuangalia sura. Ila mwaka ulioandikwa pale usikudanganye, huo ni wa umbo na kalibu. Mdoli wenyewe unaweza kuwa umetoka kiwandani miaka mingi baadaye.

Kikapu cha Gikomba
Huku Nairobi ukionyesha tu macho yamewaka, bei inaruka. Mimi huulizia kikapu kwanza, nabishana bei ya kikapu mpaka muuzaji achoke, halafu ndio nauliza, "Na hiki kisanamu je?" Hamsini. Nina vikapu kumi na vinne nyumbani.

Halafu Robota, hiyo 500 ni ya Tanzania ama ni pesa?

Robota
Mkenya ameanza.

Bint Ruwi
Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, wazee wangu Unguja. Nyinyi na malori yenu yanayogeuka, sisi huku utotoni tulikuwa na Grendizer tu, roboti la katuni. Wajapani wameitengeneza 1975, Lebanoni wakaitia Kiarabu, basi watoto wa Kiarabu wote tukaamini Grendizer ni wetu, wa ukoo kabisa. Ikianza kwenye televisheni hata anayetumwa dukani hatumwi.

Kaka yangu alikuwa nalo la chuma, zito, ngumi zinafyatuka kwa springi. Ngumi moja alinifyatulia jichoni. Nyengine iliingia chooni ikenda zake. Mwili ninao mie mpaka leo, umekaa na mikono mitupu kama mtu anayeomba dua. Natafuta ngumi mbili tu, na wanaouza ngumi wanajua tunazihitaji, basi wanakukata shingo. Anayetafuta mtandaoni aandike majina yote: Wafaransa wanaliita Goldorak, Wataliana Goldrake. Bei hazilingani.

Mzee wa Viwanja
Watu wazima mnahesabu midoli. Ndiyo maana hatuendelei. Nunueni viwanja.

Mguu wa Bluu
Kiwanja ninacho mkuu. Hao 61 unafikiri nawalaza wapi?

Fundi Siti
Mimi ni fundi wa siti za magari, Ilala. Sijawahi kununua hata moja. Gari likishuka kutoka Japani, mwenye gari anataka siti zitolewe zioshwe, na chini ya siti za nyuma mle kuna maisha ya watu. Sarafu, vijiti vya kulia wali, stika. Mpaka sasa maroboti saba. Mwenye gari nikimuonyesha ananijibu, "Tupa."

Moja lilitoka kwenye Noah. Nyayoni limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mteja wangu mmoja aliyesoma kule akaniambia ni jina la mtoto. Hilo watu wameshanipandia dau, nimekataa. Lipo juu ya rafu ya gundi.

Karanga za Moto
Fundi umeniliza mchana kweupe.

Sauti ya Saa Tisa
Nilikuwa nasoma kimya, ila acha nami nitoe yangu.

2013 nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Morogoro, kazi sina. Nilikuwa na maroboti 28, nimeyapanga juu ya kabati kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Mama ni mtu wa maombi. Alikuwa anayaangalia kwa jicho la pembeni, hasemi kitu. Wiki hiyo nikapata jingine kwa kijana wa mtumba, kubwa, jeupe, lina kitufe kifuani. Nikaweka betri, nikabonyeza, kimya. Nikajua bovu, nikalipandisha kabatini na betri zake, nikalisahau.

Alhamisi mvua kubwa, umeme hakuna. Shangazi amekuja na mwanawe ana homa, wamepewa chumba changu, mimi nimelala chini kwenye mkeka. Saa tisa usiku lile jeupe likawasha macho, mekundu, likaanza kuongea. Kijapani. Sauti nzito, ya kuburuza, kama mtu aliye ndani ya pipa. Halafu likacheka. Naapa wakuu, lilicheka.

Shangazi hakupiga kelele. Aliimba pambio. Mama akaitikia kutoka chumbani kwake. Ndani ya dakika tano nyumba nzima imeamka, wapangaji wa uani wameingia na panga, na mimi niko juu ya stuli gizani napapasa kitufe cha kuzimia, yale macho yananimulika usoni kwa chini. Ndivyo walivyonikuta.

Asubuhi wakaja watu sita wa maombi. Hawakunitukana. Waliniuliza tu: umesoma miaka mitatu, kazi huna, mchumba huna, huoni kuna kitu kinakula nyota yako? Na mimi sikuwa na jibu, kwa sababu kazi kweli sikuwa nayo. Basi nikayashusha mwenyewe, moja moja, nikayapeleka kwenye shimo la taka. Mafuta ya taa nilitumwa mimi dukani. Plastiki ilinuka siku tatu. Yenye chuma yalibaki mifupa, mtoto wa jirani akayauza skrepa.

Jeupe lilikuwa la mwisho. Lilipoanza kuyeyuka likaongea tena. Hapo hata mchungaji alirudi nyuma hatua mbili.

Kikapu cha Gikomba
Nimecheka ndani ya matatu mpaka kondakta ameniuliza kama niko sawa.

Robota
Hii chai. Tena ya maziwa, ina na tangawizi. Motoni likaongea?

Bint Ruwi
Mwachie mwenzio, pengine kweli. Pole kaka yangu. Hiyo ya kutumwa mafuta ya taa mwenyewe ndiyo iliyonikata maini.

Volti Moja na Nusu
Si jini, si chai. Saketi ya sauti haihitaji kidole. Unyevu au kutu ikigusanisha njia mbili za kitufe, ni kama umebonyeza, na usiku ule mvua ilikuwa inanyesha. Sauti kuwa nzito ni betri zimechoka, volti zikishuka sauti inaburuza. Na motoni vilevile: kitufe kikiyeyuka kikagusana, kama betri bado zimo, kitasema. Waliochoma na betri ndani wamshukuru Mungu hazikulipuka.

Toeni betri kwenye vitu vyenu. Kila usiku.

Mtumishi
Ndugu Volti, elimu ni nzuri lakini wewe ulimwengu wa roho huujui.

Volti Moja na Nusu
Huo wa roho nao unatumia betri mbili za AA?

Mtumishi
Endelea kudhihaki.

Mguu wa Bluu
Wakuu tusifike huko, turudi kwenye maroboti. Mimi nauliza la betri: mawe yakitema maji ndani, ule unga mweupe mnautoaje?

Robota
Siki. Pamba ya masikioni, unasugua, unaacha pakauke.

Kikapu cha Gikomba
Siki itakula kila kitu. Magadi.

Robota
Magadi ni ya kuchemshia maharage.

Mzee wa Viwanja
Mafuta ya taa. Morogoro wana uzoefu.

Sauti ya Saa Tisa
Mzee, mnh.

Volti Moja na Nusu
Robota na Kikapu wote mko sawa, mnabishana bure. Betri za alkalini zinatema kitu kama magadi, kwa hiyo unakiua kwa siki au limau. Yale mawe ya zamani ya bei nafuu yanatema kitu chenye asidi, hayo ndiyo ya magadi kidogo na maji. Ukishamaliza futa na spiriti. Usimwagie, paka. Na usinuse.

Robota
Nyeupe zilizogeuka njano je? Kuna jamaa aliniambia nilowanishe kwenye dawa ya kung'arishia nguo. Likatoka na madoa kama chui.

Volti Moja na Nusu
Huyo jamaa si rafiki yako. Njano ni jua, na wengi wanasema pia ni dawa ya kuzuia moto iliyochanganywa kwenye plastiki yenyewe. Watu wanatumia haidrojeni peroksaidi, wanalianika juani linarudi jeupe. Wengine linawarudia njano baada ya muda. Mimi yangu nayaacha njano, nami mvi ninazo.

Ila mwenye yale ya rangi ya dhahabu yenye michirizi ya kung'aa, ya miaka ya 80 mwishoni na 90 mwanzoni, asiyakunje kabisa. Ile plastiki inaoza yenyewe. Unageuza mkono mara moja, unabaki na makombo ya biskuti.

Karanga za Moto
Sasa mimi nataka kuanza. Ninunue feki za Kariakoo au nisubiri orijino?

Robota
Usiguse feki. Viungo vinalegea ndani ya wiki.

Fundi Siti
Nunua feki. Ukivunja huumii.

Bint Ruwi
Nunua unachokipenda, ukifiche kwa mume.

Karanga za Moto
Mimi ni mwanaume.

Bint Ruwi
Basi ukifiche kwa mama yako. Si umesoma hapo juu?

Kikapu cha Gikomba
Saa Tisa, kabla uzi haujafa. Yalikuwa 28 na lile jeupe, yaani 29. Yote yaliungua?

Sauti ya Saa Tisa
Nilihesabu 28 shimoni. Siku ile nilidhani nimekosea hesabu kwa sababu ya machozi.

Mama alifariki 2019. Tulipokuwa tunatoa vitu vyake, kwenye begi la vitenge nikalikuta dogo la kijani, la ufunguo, lisilo na betri. Limefungwa kwenye leso. Ufunguo wake nao umefungwa kwa uzi ubavuni usipotee. Sijui alilichomoa saa ngapi, nilikuwa nayabeba mwenyewe.

Nikalijaza ufunguo, likatembea juu ya kitanda chake hadi kwenye mto.

Robota
Mkuu nafuta ile komenti ya chai.

Mzee wa Viwanja
La kijani unaliuza?