Shemeji anasema alizeti ni sumu, nirudi kwenye samli?

Mama Shamimu: Habarini wakuu. Nakaanga mihogo Mbagala, jioni mpaka usiku. Natumia alizeti ya Singida ya kukamua, ile nzito yenye harufu. Sasa shemeji katoka na maneno ya mtandaoni: mafuta ya mbegu yanaua, nitumie samli au ya nazi. Mwenye kuelewa anisaidie, maana kwa bei ya samli mhogo wangu nitamuuzia nani?

Mzee wa Kachumbari: Mwambie shemeji alete hiyo samli 😂

Jikoni na Lishe: Dada, alizeti haina neno. Mafuta yanayoganda humo, yale yanayopandisha lehemu mbaya (kolesteroli), ni kama asilimia 11 tu. Mawese karibu nusu, nazi zaidi ya asilimia 80. Ukiacha samli ukatumia alizeti, lehemu mbaya kwenye damu hushuka. Mimi ningeangalia karai. Hiyo ya kukamua haijasafishwa, kwa hiyo hutoa moshi mapema, na ikirudiwa moto siku baada ya siku inakuwa nyeusi, nzito, inatoa povu na moshi unaowasha koo. Hapo ndipo imeharibika. Chuja makombo kila usiku, usijazie mapya juu ya machakavu. Kwa kukaanga kutwa, mawese yaliyosafishwa yanastahimili moto zaidi. Alizeti baki nayo kwa mboga za nyumbani.

Mama Shamimu: Asante. Na yakichakaa? Kuna kijana hupita kuyanunua, anasema ya sabuni.

Jikoni na Lishe: Sabuni sawa. Ila tia sabuni kidogo ya maji humo kabla hajaondoka nayo, yasije yakarudi kwenye karai la mwenzio.