Kituo cha michezo na mapumziko Manzese: tuanze na lipi?

Swali:
Ndugu zangu wataalamu, mtaani kwetu Manzese, Dar es Salaam, kuna kiwanja kidogo ambacho wakazi tunataka kiwe kituo cha michezo na mapumziko. Je, nafasi hiyo finyu itawatosha vipi vijana, akina mama na wazee?

Jibu la kwanza:
Ndugu, pimeni kwanza. Uwanja wa mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15, na wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, hivyo sakafu moja yenye mistari ya rangi mbili hutosha kwa michezo yote miwili, mradi ratiba iwape wasichana saa zao za jioni, maana pasipo ratiba wavulana huuteka uwanja wote. Pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lisipenye ndani.

Jibu la pili:
Naafiki, ila msisahau masika ya Machi hadi Mei: inueni sakafu na mchimbe mifereji mapema. Vyoo navyo visiachwe mwishoni, kwani mama mwenye mtoto mdogo hawezi kukaa mahali pasipo na choo na maji. Wazee wajengewe kibaraza chenye kivuli karibu na lango.