Muvi za vita zinawapoteza wanafunzi wangu, nioneshe ipi?

Mwalimu_Mtama
Wanajamvi, habari za jioni. Nafundisha Historia sekondari moja huku Mtama, mkoani Lindi, na ndimi mlezi wa klabu ya historia. Vijana wangu wanapenda muvi za vita kupita maelezo. Jioni wamejaa kibanda umiza, picha imetafsiriwa, mtafsiri kaongeza chumvi yake, kesho wanakuja darasani na ushahidi. Juzi nasahihisha jibu la kijana wa kidato cha tatu, mwandiko safi, hoja zimepangika, kaandika kwamba Wamarekani ndio waliowapora Wajerumani mashine ya siri ndani ya nyambizi. Nikamuuliza kaisoma wapi. "Sijaisoma mwalimu, nimeiona kwa macho yangu."

Jibu hilo limenikosesha raha. Kitabu anakihoji, lakini picha anaiamini moja kwa moja.

Shule ina projekta, na mkuu wa shule kanipa Ijumaa baada ya swala. Nimepanga kuwaonesha makusudi zile muvi zilizopotosha kuliko zote, wao wasake uongo. Mwalimu mwenzangu anapinga: anasema uongo watakaouona utabaki kichwani, masahihisho yangu yatasahaulika. Naombeni ushauri. Nianze na ipi? Na hofu ya mwenzangu ina uzito?

Baharia wa Mikindani
Hiyo aliyoiona kijana ni U-571, ya mwaka 2000. Anza nayo, maana inakamatika kwa tarehe mbili tu ubaoni. Mashine ya Enigma, ile ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, na vitabu vyake vilichukuliwa tarehe 9 Mei 1941 kutoka nyambizi U-110, na waliovichukua ni mabaharia wa Uingereza wa meli HMS Bulldog. Marekani imeingia vitani Desemba 1941. Waache wanafunzi wahesabu miezi wenyewe.

Halafu waambie habari ya Oktoba 1942. Anthony Fasson na Colin Grazier, Waingereza, waliingia ndani ya U-559 iliyokuwa inazama, wakatoa vitabu vya siri, wakazama nayo. Mtu anakufa kwa ajili ya karatasi zile, halafu picha inampa sifa mwingine! Bungeni Uingereza jambo hili lililalamikiwa, na Waziri Mkuu Tony Blair akakubali kwamba ni kuwavunjia heshima mabaharia wale.

Kijana_wa_Ligula
Mwalimu, muvi ni burudani. Mtu katoa hela yake aone milipuko, siyo kufanya mtihani. Waache watoto wafurahi.

Mwalimu_Mtama
Kijana, wafurahi kabisa, hata mimi nazitazama. Ila huyu kaandika kwenye karatasi ya majibu, na NECTA hawatampa maksi za milipuko.

Binti Mmwera
Mimi nakushauri Braveheart ya 1995. Wengi watakutajia mavazi, au yule binti mfalme Isabella anayependana na William Wallace, kiongozi wa Waskoti; wakati Wallace anauawa mwaka 1305 Isabella alikuwa mtoto wa miaka kama kumi hivi huko Ufaransa. Hayo ni makosa, lakini kubwa zaidi ni daraja. Mapigano ya Stirling ya 1297 Waskoti walishinda kwa sababu ya daraja jembamba: jeshi la Uingereza likiwa limevuka nusu tu, likavamiwa, na waliobaki ng'ambo hawakuweza kusaidia. Kwenye picha daraja halipo kabisa. Wanapigana uwanja wa wazi, wanashinda kwa ushujaa na kelele. Mwanafunzi akiulizwa "kwa nini walishinda" atajibu nini?

Mjukuu wa Mpagazi
Mwalimu, shikamoo. Nisome mpaka mwisho, hili linanigusa. Kuna muvi ya karibu na nyumbani, Shout at the Devil ya mwaka 1976. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari ya Kijerumani imejificha delta ya Rufiji, mashujaa wa Kizungu wanaiteketeza kwa bomu walilolitega ndani. Kisa kimechukuliwa kwa manowari ya kweli, Königsberg. Hiyo haikulipuliwa na shujaa yeyote. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za Uingereza, Severn na Mersey, ziliipiga kwa mizinga, ndege ikiwaelekeza shabaha kutoka juu, na Wajerumani wenyewe wakamalizia kuizamisha. Kisha mizinga yake ikatolewa, ikakokotwa nchi kavu, ikaendelea kupiga vita vile.

Sasa waulize wanafunzi: nani alikuwa anaikokota? Hapo ndipo uongo mkubwa ulipo. Tarehe unaweza kuisahihisha kwa chaki, lakini mtu ambaye hakuwekwa kwenye picha kabisa, mtoto hawezi hata kujua kwamba anakosekana. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko risasi. Na wewe uko Mtama, Mahiwa iko jirani yako! Oktoba 1917 palipiganwa siku nne, tarehe 15 hadi 18, kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck na askari wake upande mmoja, upande wa Uingereza wakiwemo wanajeshi wa Nigeria. Waingereza walipata hasara ya zaidi ya watu 2,000. Lettow alishinda lakini risasi na watu vilimwishia, mwezi uliofuata akavuka Ruvuma. Sijawahi kuiona Mahiwa kwenye muvi. Babu zetu walibebeshwa mizigo kwenye njia hizi hizi, na watoto wanakariri nyambizi za Atlantiki.

Mzee wa Ujiji
Nyongeza fupi kutoka Kigoma. The African Queen ya 1951, meli ya Wajerumani inazamishwa ziwani kwa mabomu ya kienyeji. Meli ya kweli, Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, waliizamisha Wajerumani wenyewe Julai 1916, mashine wakazipaka grisi kwanza. Ikaibuliwa, ndiyo MV Liemba.

Fundi Projekta Masasi
Nijibu lile la mwenzako, maana hofu yake ni ya kweli na hamjamjibu. Usioneshe muvi nzima. Kata dakika kumi au kumi na tano. Na ukweli utangulie: wasome ukurasa mmoja, wachore ramani ya lile daraja la Stirling, ndipo uwashe. Wataingia wakilitafuta daraja, wakilikosa watapiga kelele wenyewe. Ukianza na picha, umeshachelewa. Madirishani tundika kanga za rangi nzito zikiwa mbilimbili, jua la saa tisa linaua picha ya projekta, na spika iwe nyuma ya darasa.

Mwalimu_Mtama
Nashukuruni sana. Fundi, ushauri wako nimempa mwenzangu ausome, kakubali kuandaa ule ukurasa yeye mwenyewe. Ijumaa hii Stirling, inayofuata U-571, halafu Rufiji, na baada ya Rufiji nawapeleka Mahiwa kwa miguu. Mjukuu wa Mpagazi, marahaba. Upande wa Nyangao kuna mzee unayemfahamu ambaye wazazi wake walimsimulia habari za wapagazi? Nijibu inbox, nimfuate mapema nimwombe ruhusa kabla ya kuwapeleka watoto.