Mada: Mdogo wangu kaandikiwa "hakuhudhuria" mahojiano ya PhD

Kutoka: Dada wa Usa River, Leicester

Habari za jioni wanajumuiya. Naombeni msaada wa haraka.

Mdogo wangu wa kiume yuko nyumbani Usa River. Kamaliza uzamili wa kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kaomba PhD huku Uingereza kuanzia Septemba. Utafiti wake ni wa kuondoa floridi kwenye maji ya kunywa. Jumanne alikuwa na mahojiano kwa video saa nne asubuhi ya huku, yaani saa saba mchana nyumbani. Aliingia mapema, akabaki chumba cha kusubiri, hakuna aliyemfungulia. Alikaa pale zaidi ya saa nzima, kavaa shati jeupe na tai aliyoazima kwa mjomba. Jana ofisi ya udahili ikamwandikia kwamba hakuhudhuria na maombi yake yamefungwa.

Picha ya skrini anayo, na saa inaonekana pembeni. Msimamizi mtarajiwa ndiye aliyemhimiza aombe, wameandikiana tangu Juni. Sasa amwandikie msimamizi moja kwa moja au aanze na ofisi? Naogopa akiwaruka ofisi watamwekea kinyongo. Na wakimpa nafasi nyingine, ajiandae vipi?

---

Kutoka: Baba Tumaini, Reading

Pole sana mwanangu. Kwanza hakikisha hakukosea saa. Tofauti yetu na nyumbani ni saa mbili.

Binti wa dada yangu alihojiwa mwaka jana kabla ya kupewa CAS, ile hati ya chuo ya kuombea viza. Walimuuliza kwa nini chuo hiki, ada ni kiasi gani, atakaa wapi, akimaliza atafanya nini. Tulimwandikia majibu yote, akayakariri, akapita. Mdogo wako naye aandike majibu ayashike kichwani. Na pesa za kuonyesha kwenye viza zikae benki siku 28 bila kupungua hata siku moja, hapo ndipo wengi wanapokwama.

---

Kutoka: Mkemia, Glasgow

Baba Tumaini, shikamoo. Saa mbili ni wakati wa kiangazi. Tangu saa zirudishwe nyuma mwishoni mwa Oktoba tofauti ni saa tatu, kijana hakukosea. Tusimtilie shaka mtu mwenye ushahidi mkononi.

Pili, unachanganya mahojiano mawili. Hayo ya kabla ya CAS yanafanywa na ofisi, wanataka kujua kama wewe ni mwanafunzi kweli. Ya PhD wanaokaa mbele yako ni watu wa fani, wawili au watatu, na aliyekariri wanamjua kwenye swali la pili. Wakishamjua wanaacha kumsikiliza, nimeliona hilo kwa wenzangu wenye alama nzuri kabisa.

Dada, kwa mada ya mdogo wako najua watakapombana. Arusha mkaa wa mifupa umetumika miaka mingi kuchuja floridi, kituo cha utafiti cha Ngurdoto wanaufanyia kazi. Watamuuliza: wewe unaongeza nini? Aseme udhaifu wa njia hiyo bila woga. Mkaa ule hushiba floridi, unahitaji kubadilishwa au kuchomwa upya, na kijijini nani atapima kujua umeshiba lini? Wapo pia wanaokataa maji yale kwa sababu hawajui mfupa ni wa mnyama gani. Kiwango cha juu cha floridi cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita, na upande wa Meru kuna vyanzo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Kijana wa Usa River ameyaona meno ya kahawia ya floridi darasani tangu shule ya msingi. Aanze na hilo, kisha aende moja kwa moja kwenye maabara: alipima nini, kwa kifaa gani, nini hakikufanya kazi. Akiulizwa asilolijua, aeleze angelipimaje. Hapo ndipo watu hupata nafasi.

---

Kutoka: Bi Kisauni, London

Mwanangu, Mungu amfungulie. Lakini mwambie kama ana mke asijipe tamaa ya kuja naye. Tangu 2024 wanafunzi hawaruhusiwi kuleta familia. Na aulize pesa mapema, hizi za UKRI, shirika la serikali linalofadhili utafiti, ni za wenyewe Waingereza.

---

Kutoka: Kijana wa Moshi, Coventry

Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, yote mawili siyo. Katazo la 1 Januari 2024 liliwagusa wa uzamili wa kusoma darasani, wa PhD bado wanaleta mke na watoto. Mimi wangu wako hapa. UKRI nayo imefunguliwa kwa wageni tangu 2021, ila wasizidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa. Posho ya 2025/26 ni pauni 20,780 kwa mwaka. Tatizo ni ada: UKRI inalipa kiwango cha mwenyeji, na ile tofauti ya mgeni lazima chuo kikubali kuifuta. Aulize hilo mwisho wa mahojiano, si aibu kuuliza.

---

Kutoka: Bi Kisauni, London

Marahaba. Nimeishi nchi hii kabla hujazaliwa, sheria zinabadilika kila wakishika wengine. Ndiyo maana nawaambia vijana chukueni pasi ya Uingereza mapema. Sisi Wakenya katiba ya 2010 iliturudishia haki yetu ya uraia pacha, nyinyi jirani zetu mnangoja nini?

---

Kutoka: Baba Tumaini, Reading

Bi Kisauni, hilo la uraia pacha linaniuma. Nilikwenda kumzika baba Korogwe nikapanga foleni ya wageni uwanja wa ndege kwa pasi yangu ya Uingereza na kulipia viza, dola 50, kuingia nyumba niliyozaliwa. Mama yangu yuko nje ananisubiri na kanga begani, na mimi najaza fomu ya mtalii. Wabunge wakija huku tunawakaribisha pilau, tunawaambia, wanaandika kwenye daftari. Uraia pacha bado hatujapewa. Januari hii baridi imeniingia mifupani, namkumbuka mama na mihogo yake ya nazi.

---

Kutoka: Mkemia, Glasgow

Baba, pole, Mungu amrehemu mzee.

Dada wa Usa River, mwambie pia kemia ya PhD imo kwenye ATAS, kibali cha usalama cha serikali kwa wageni wanaosomea sayansi fulani. Watanzania wanaihitaji. Ni bure, lakini majibu huchukua wiki kadhaa, na bila cheti hicho haombi viza. Akipata ofa aiombe siku hiyohiyo.

Kesho saa mbili usiku ya huku, saa tano kwake, nitamfungulia linki. Nimemwomba mwenzangu wa uhandisi wa maji akae nami, tumhoji kama paneli. Aje na slaidi zake, akae upande wenye mtandao, simu yenye bando iwe karibu umeme ukikatika. Karatasi ya majibu aiache chumba kingine.